Ndege inaburuta, injini inalia: kusoma dalili za propela kabla ya kuagiza nyingine

Umeijenga ndege kwa miaka. Umefunga propela mpya ambayo bado inanukia vanishi, umesukuma throto (wenzo wa kuipa injini nguvu) hadi mwisho, na sindano ya takomita, kipimo cha mizunguko ya injini kwa dakika, inagoma kwenye 2050 wakati injini yako inaruhusiwa kufika 2700. Au mambo yamekuwa kinyume: ndege imepaa vizuri, lakini ukishailaza kwa mwendo wa safari inabidi urudishe throto nyuma kila mara ili injini isipite mstari mwekundu. Katika hali zote mbili mtu hushikwa na hamu ya kuagiza propela nyingine siku hiyo hiyo. Nakuomba usubiri kidogo.

Propela nyingi nilizoona zikivuliwa kwenye ndege za kujijengea hazikuwa mbovu. Zilikatwa kwa ajili ya ndege ambayo mjenzi aliiota, kisha zikafungwa kwenye ndege aliyoijenga. Tofauti ya hizo mbili hujitokeza kwenye takomita, na ukijua kuisoma, propela unayotaka kuitupa ndiyo itakayokuambia ununue ipi.

Kwa anayeanza: propela huandikwa kwa namba mbili, tuseme 68 kwa 52. Ya kwanza ni kipenyo kwa inchi, ncha hadi ncha. Ya pili ni pichi, yaani umbali kwa inchi ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa skrubu inayoingia kwenye ubao. Propela ya pichi isiyobadilika ni kama baiskeli ya gia moja. Ukifunga gia nzito utahangaika kilimani. Ukifunga nyepesi utapanda vizuri, lakini kwenye tambarare miguu itazunguka bila kuongeza mwendo.

Na kabla hujagusa chochote: panga la propela lichukulie kuwa linaweza kuwasha injini wakati wowote. Magneto, kifaa kinachozipa plagi cheche, inajitengenezea umeme wake, haitegemei betri, na waya wake wa kuizima ukikatika, swichi inaweza kusema "zima" huku plagi zikiwa tayari kupiga. Weka kabari kwenye magurudumu, funga mafuta, na kwa kazi ya kuzungusha propela kwa mkono toa plagi moja katika kila silinda.

Kwanza thibitisha kwamba takomita inasema kweli

Hatua hii watu huiruka, na inaumiza. Takomita za waya unaozunguka huchakaa na mara nyingi huanza kusoma chini ya ukweli. Nimeona ndege iliyosumbuliwa mwaka mzima kwa sababu ya "mizunguko haifiki", kumbe kifaa kilikuwa kinapunguza zaidi ya 100. Propela yake ilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza.

Tumia takomita ya mwanga, ile ndogo ya mkononi inayohesabu mapanga yanapopita mbele yake. Nayo ijaribu kwanza: iweke kwenye hesabu ya mapanga mawili, uielekeze kwenye taa ya mirija ya aina ya zamani inayotumia umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde. Taa hiyo humeta mara 6000 kwa dakika, kwa hiyo kifaa kinapaswa kusoma 3000. Kama umeme ni wa 60, kitasoma 3600. Kikisoma hivyo, kiamini, kisha ukitumie mchana nje ukiwa ndani ya ndege, ukitazama propela dhidi ya anga. Andika tofauti kati yake na takomita ya dashibodi kwa namba tatu au nne, mfano 1500, 2000, 2300, na ubandike karatasi hiyo pembeni ya kifaa.

Dalili: throto imefika mwisho, ndege imesimama, mizunguko haifiki

Hapa ndipo penye kazi kubwa, kwa hiyo twende polepole.

Injini inayoendesha propela moja kwa moja, yenye kikomo cha 2700, ikifungwa propela ya pichi isiyobadilika ya matumizi ya kawaida, ndege ikiwa imesimama kwa kawaida utapata kati ya 2200 na 2400. Isifike 2700 ikiwa imesimama. Ikifika, itavuka kikomo mara tu ndege inapochukua mwendo. Propela ya kupandia itakupa namba ya juu zaidi katika kiwango hicho, ya safari itakupa ya chini. Ukiona 2050, kuna tatizo. Swali ni moja tu: je, propela ni nzito mno au injini ni dhaifu?

Pima vizuri kwanza. Injini iwe imepata joto, eneo liwe safi bila kokoto, upepo uwe mtulivu. Kama upepo upo, pima ukiuelekea na ukiupa mgongo, uchukue wastani. Usikae kwenye throto kamili zaidi ya inavyohitajika kusoma namba, maana hewa ya kupoza ni kidogo ndege ikiwa imesimama. Na usisingizie mwinuko wa uwanja haraka. Hewa ikiwa nyepesi injini hupoteza nguvu, lakini propela nayo hupata wepesi wa kuzunguka, kwa hiyo namba ya kusimama hushuka kidogo tu. Kinachoanguka sana ni mvuto, na ndege itauonyesha kwa kukimbia mbali kabla ya kupaa.

Kutofautisha injini na propela kuna njia rahisi kama ndege imewahi kuruka. Propela hiyo hiyo, injini hiyo hiyo, ilisoma ngapi zamani? Propela ya mbao haibadiliki pichi kati ya mwezi na mwezi. Kama mwaka jana ilikuwa 2250 na leo ni 2150, kilichopungua ni nguvu ya injini, na imepungua zaidi ya unavyodhani. Nguvu inayohitajika kuzungusha propela hukua kwa mchemraba wa mizunguko, kwa hiyo kupoteza mizunguko 100 kati ya 2250 ni kupoteza takriban asilimia 13 ya nguvu. Magneto moja tu ikiacha kufanya kazi yake inatosha kukuletea hilo. Kagua muda wa kuwasha, plagi, filta ya hewa, sailensa iliyovunjika ndani na kuziba njia, na mlango wa joto la kabureta usiofunga vizuri ukawa unaingiza hewa ya moto. Halafu kagua kitu cha kijinga kuliko vyote: mtu mmoja akae ndani asukume throto hadi mwisho, wewe uangalie kwenye kabureta kama mkono wake unagusa kizuizi cha mwisho. Mara nyingi haugusi. Kebo imefungwa fupi, na umekuwa ukiruka na sehemu tu ya throto.

Injini ikiwa nzima, basi propela ni nzito. Na hapa narudi kwenye ile ndoto. Mjenzi anamwambia mtengenezaji, "Ndege yangu itakwenda kilomita 240 kwa saa." Mtengenezaji anakata inchi 58, kwa sababu 58 kwa mizunguko 2700 inatoa karibu kilomita 239 kwa saa kwenye karatasi. Ndege halisi, yenye magurudumu yasiyofunikwa, antena mbili na mianya ya hewa mipana kuliko mchoro, inafika 200. Kwa 200, inchi 52 zingetosha: karatasi inatoa 214, na hiyo 14 ya ziada ni mteleko wa kawaida wa propela hewani. Inchi sita zimezidi. Kwa injini za aina hii kila inchi moja ya pichi hubadilisha mizunguko kama 50, hivyo mjenzi huyo amejinyima mizunguko 300 hivi na nguvu zote zinazokuja nayo.

Madhara yake hayaishii kwenye kupaa kwa shida. Pichi kubwa mno humaanisha kwamba ndege ikiwa imesimama sehemu kubwa ya panga inakata hewa kwa pembe kali mpaka inapoteza mshiko, sawa na bawa lililoinuliwa kupita kiasi. Unasikia kelele nzito ya kukoroma, ndege haisogei, halafu ikishachukua mwendo ghafla propela "inashika". Wakati huo wote injini inabeba mzigo mkubwa kwa mizunguko midogo: vichwa vya silinda vinapata joto, na mafuta huweza kulipuka vibaya ndani ya silinda. Kwenye Rotax 912, injini ndogo ya ndege inayozungusha propela kupitia giaboksi, jambo hili ni zito zaidi. Injini hiyo hutoa nguvu yake ya juu kwa 5800, inaruhusiwa kuendelea bila ukomo wa muda kwa 5500, na haitakiwi kufanyishwa kazi kwa throto kamili chini ya 5200. Kwa wenye propela inayorekebishwa pembe uwanjani, lenga kwamba ukiruka sawa kwa throto kamili upate kati ya 5500 na 5800. Digrii moja ya pembe hubadilisha kama mizunguko 200 hadi 300 ya injini, kwa hiyo sogeza nusu digrii kwa nusu digrii, kwa kipimo, kila panga sawa na mwenzake. Kukadiria kwa jicho hapa ni kutafuta mtikisiko.

Marekebisho: punguza pichi. Propela ya mbao inaweza kurudishwa kwa mtengenezaji akaondoa inchi moja au mbili. Kupunguza kipenyo nako huongeza mizunguko, tena kwa nguvu, lakini unakata sehemu inayovuta hewa nyingi kuliko zote. Mimi hukata kipenyo nikiwa na sababu nyingine ya kufanya hivyo, kama nafasi kati ya ncha na ardhi, au kasi ya ncha. Propela ya alumini usikate ncha wewe mwenyewe kamwe. Panga la chuma (hapa chuma ni metali yoyote, alumini ikiwemo) lina masafa yake ya kutetemeka, na ukilifupisha unayasogeza, pengine mpaka yaangukie pale pale injini inapopiga. Halitavunjika siku hiyo. Litajenga ufa taratibu.

Dalili: ndege inapanda kwa raha, lakini kwenye safari injini inataka kupita kikomo

Pichi ni ndogo. Hii ni dalili ya heri kuliko ile ya kwanza, kwa sababu una ndege inayopaa na wenzo wa kuipunguzia kasi mikononi mwako. Mtu anayeruka kutoka viwanja vifupi, au anayevuta bango, au anayejifunza, anaweza kukaa nayo hivyo na asipoteze chochote cha maana.

Kipimo cha kuamua ni hiki: panda hadi mita 2400 hivi juu ya usawa wa bahari, ruka sawa, throto kamili, acha kasi itulie, soma mizunguko. Nimechagua mwinuko huo kwa sababu injini isiyo na tabo inabaki na karibu robo tatu ya nguvu yake pale, ambayo ndiyo nguvu ya safari. Propela ya safari iliyokatwa vizuri itakaribia mstari mwekundu bila kuuvuka. Ikivuka kwa 150, ongeza inchi tatu. Ikibaki nyuma kwa 150, punguza tatu. Kipimo hiki ukikifanya kwa uaminifu mara moja, agizo lako linalofuata litakuwa karibu sana na ukweli.

Dalili: mizunguko iko sawa, lakini kasi haipo

Hapa hesabu za pichi haziwezi kukusaidia peke yake. Nguvu inatoka kwenye injini, propela inaipokea, lakini ndege haiendi. Kuna sehemu tatu za kutazama.

Ya kwanza ni ncha za mapanga. Zidisha kipenyo kwa mita na 3.14, kisha na mizunguko kwa sekunde, upate kasi ya ncha. Injini ya Volkswagen iliyogeuzwa kuwa ya ndege, ikizunguka 3400 na propela ya inchi 60, ina ncha zinazokwenda kama mita 271 kwa sekunde, sawa na asilimia 80 ya kasi ya sauti ambayo ni mita 340 hivi hewa ikiwa na nyuzijoto 15. Hapo bado uko salama. Funga propela ya inchi 72 kwa mizunguko ile ile na ncha zinafika 325. Nguvu inageuka kelele. Kelele yake ni kali, ya kupasua, ya kukatakata, ambayo aliye ardhini huisikia kabla yako, na siku ya baridi huzidi kwa sababu sauti yenyewe hupunguza mwendo kwenye hewa baridi. Ncha nene za mbao huanza kuumia mapema kuliko ncha nyembamba za alumini au kaboni.

Ya pili ni kinyume chake: propela ndogo mno mbele ya mwili mpana. Hii ndiyo shida ya injini ndogo zinazozunguka haraka bila giaboksi. Propela ya inchi 54 mbele ya chumba cha watu wawili waliokaa bega kwa bega inapuliza sehemu kubwa ya hewa yake kwenye boneti. Namba zitakuwa nzuri, na ndege itapanda vibaya. Ndiyo maana giaboksi ina thamani: Rotax 912 ya nguvu farasi 80 hugawanya mizunguko kwa 2.27, na ile ya 100 kwa 2.43, kwa hiyo injini ikiwa 5800 propela inazunguka kama 2555 kwa ya kwanza na 2387 kwa ya pili, taratibu kiasi cha kubeba kipenyo kikubwa. Kama huna giaboksi, ongeza kipenyo kadiri ncha na ardhi zinavyoruhusu, punguza pichi kufidia, na fikiria kipande cha kurefusha shafti ili propela ikae mbele kidogo ya boneti.

Ya tatu inauma kuisema: propela iko sawa, ndege ndiyo ina ukinzani. Mwanya kati ya bawa na mwili, magurudumu, mlango usiokaa vizuri, hewa ya kupoza inayotoka kwa fujo chini ya boneti. Propela haiwezi kuondoa ukinzani huo. Niliwahi kukaa na mjenzi aliyekuwa anajiandaa kununua propela yake ya tatu. Tukabandika nyuzi fupi za sufu chini ya boneti na mwenzake akampiga picha akiwa hewani. Nyuzi za karibu na ekzosi zilikuwa zinaelekea mbele, yaani hewa pale ilikuwa inarudi kinyume.

Dalili: mtikisiko

Kama mtikisiko umeanza ghafla ukiwa angani, acha kusoma dalili. Rudisha throto, tafuta mahali pa kutua, na ukiwa mkali zima injini kabisa. Propela iliyopoteza kipande cha ncha inaweza kung'oa injini kwenye fremu yake.

Mtikisiko wa kila siku ni mambo mengine. Ukiongezeka sawasawa na mizunguko, shuku balansi au njia ya mapanga, yaani kama ncha zote zinapita pale pale. Ukitokea kwenye kipande kifupi tu, tuseme kati ya 1900 na 2100, kisha ukapotea, shuku raba za kushikilia injini au mtetemo wa pamoja kati ya propela na krenki, shafti kuu ya injini. Mchanganyiko fulani wa injini na propela ya chuma una eneo la mizunguko ambalo mtengenezaji amelikataza kwa safari, na hilo huheshimiwa hata kama wewe husikii kitu. Krenki ya Volkswagen isifungwe propela ya chuma kabisa; mbao humeza mapigo ambayo chuma huyarudisha kwenye krenki. Kwenye Rotax 912 angalia pia uzito unaozunguka: kikomo cha giaboksi ni 6000 kwa kipimo cha kilo zikizidishwa na sentimita za mraba (kg cm²), na propela nzito ya mapanga matatu inaweza kukivuka.

Njia ya mapanga ni rahisi kupima. Plagi zimetolewa, kabari zipo. Weka kiti kizito mbele ya ncha ya panga, bandika kadibodi juu yake mpaka iguse ncha kidogo sana, chora alama. Zungusha taratibu mpaka panga la pili lifike pale pale, chora tena. Tofauti isizidi milimita 3 kwa mbao, na 1.5 kwa chuma. Ikizidi, na kama matundu ya bolti yanaruhusu, vua propela, izungushe nusu mzunguko kwenye flanji (sahani ya mwisho wa krenki ambapo propela hufungwa), funga, pima upya. Panga lile lile likiendelea kuwa mbele, kosa liko kwenye propela. Panga la pili likiwa ndilo limekuja mbele, flanji imepinda, na kosa hilo ni la krenki. Usiruke.

Sasa bolti za propela ya mbao, na naomba uisome sehemu hii mara mbili.

Bolti haziizungushi propela ya mbao. Kinachoizungusha ni msuguano kati ya uso wa nyuma wa kitovu na flanji, na kazi ya bolti ni kubana tu. Mbao huvimba majira ya unyevu na kusinyaa majira ya ukavu. Ikivimba, bolti zinakaza zaidi ya ulivyozikaza, nyuzi za mbao chini ya bamba la mbele zinapondeka. Ikisinyaa, kubana kumeondoka. Kwa macho, hakuna kilichobadilika.

Niliwahi kufungua moja baada ya miezi mirefu ya jua. Mwenye ndege alilalamika juu ya mtikisiko mdogo uliokuwa unakua. Nilipoweka toki renchi, spana inayopima mkazo, bolti ya kwanza ilizunguka robo mzunguko kabla haijaonyesha upinzani wowote. Tulipoivuta propela kutoka kwenye flanji, unga laini wa kahawia ulidondoka sakafuni, na harufu ilikuwa ya mkaa. Nyuma ya kitovu kulikuwa na mviringo mweusi unaong'aa, umeungua kufuata umbo la flanji, na matundu mawili ya bolti yalikuwa yamepanuka kuwa na umbo la yai. Bado ilikuwa inazunguka. Bado ilikuwa inabeba mtu. Propela ya namna hiyo haikazwi upya: inaondolewa, na bolti zake zote zinabadilishwa, kwa sababu zimekuwa zikipindishwa kila mzunguko.

Kwa hiyo: kagua mkazo wa bolti baada ya ruka la kwanza, tena baada ya saa 10 hivi, kisha kwa ratiba ya mtengenezaji, na kila majira yanapogeuka hata kama saa hazijafika. Tumia namba ya mkazo ya aliyetengeneza propela, usikope ya propela ya chuma iliyo kwenye kitabu cha injini. Bamba la mbele lazima liwepo. Kaza kwa mtindo wa kuvuka, kidogo kidogo, na upime njia ya mapanga tena ukimaliza.

Balansi ya mbao nayo huharibiwa na jambo dogo la maegesho. Ndege ikikaa wiki mbili panga moja likiwa chini, unyevu huelekea chini, na panga hilo linakuwa zito kuliko mwenzake. Egesha propela ikiwa imelala sambamba na ardhi. Kama tayari imeelemea upande mmoja, ivue, ilaze mahali pakavu siku kadhaa, ndipo upime kabla ya kuanza kuongeza vanishi upande mwepesi. Wenye kifaa cha kupima mtikisiko injini ikizunguka watapata namba kwa inchi kwa sekunde: chini ya 0.07 ni laini sana, kupita 0.2 kuna kazi ya kufanya.

Spina, ile kofia ya mbele ya propela, nayo ikaguliwe. Ikiwa haiko katikati huonekana ikiyumba na kukufanya udhani propela ndiyo inayoyumba, na nyufa zake huanzia kwenye skrubu za bamba la nyuma.

Ukingo wa mbele na ardhi

Pitisha ukucha kwenye ukingo wa mbele wa kila panga kabla ya kuruka. Ukucha ukinasa kwenye alumini, hiyo ni mahali pa kuzaliwa ufa: ilainishwe kwa urefu wa panga mpaka isionekane tena, ndani ya mipaka ya mtengenezaji. Kwenye mbao, mvua ndiyo adui; tone la maji kwa kasi ya ncha hula vanishi kama msasa, kwa hiyo ukikutwa na mvua punguza mizunguko. Jeraha likirudia upande wa ncha, pima nafasi ya ardhini ndege ikiwa imelala sawa na imebeba uzito wake: sentimita 18 kwa gurudumu la pua na 23 kwa gurudumu la mkia ni viwango vya ndege za kiwandani, na sioni sababu ya mjenzi wa nyumbani kujipunguzia. Ndege yenye propela nyuma ina adui wa ziada, yaani kila skrubu inayolegea mbele yake.

Ukifikia kuagiza

Mpe mtengenezaji namba ulizopima. Namba za matumaini ziache. Aina ya injini na kikomo chake. Propela uliyonayo, kipenyo na pichi, na nani aliikata. Mizunguko ikiwa imesimama. Mizunguko na kasi ya kweli ukipanda. Mizunguko na kasi kwa throto kamili ukiruka sawa, pamoja na mwinuko na joto la hewa. Kasi ipimwe kwa GPS katika njia zinazopingana ili upepo ujifute. Jina la aliyekata ya kwanza lina maana, kwa kuwa watengenezaji hawapimi pichi kwa namna moja: mmoja hufuata uso bapa wa nyuma, mwingine hufuata mstari wa kati wa panga, na 52 ya huyu inaweza kuwa 54 ya yule. Ukiona ndege yako inakwenda haraka kuliko pichi yake inavyoruhusu kwenye karatasi, usishtuke. Umbo la panga linavuta hata pale ambapo uso wake bapa hausukumi.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Mtu akifunga propela mpya, akafunika magurudumu na kubadilisha kabureta katika wikendi moja, hatajua kamwe ni kipi kilimpa zile kilomita kumi.

Propela ya zamani usiiuze. Ifunge nguo, ilaze mahali pakavu, na andika kwa kalamu nyuma ya kitovu chake: tarehe, joto la hewa, na mizunguko iliyotoa ikiwa imesimama siku injini ilipokuwa nzima. Siku utakapohisi ndege imekuwa nzito na hujui kama ni injini au ni propela, irudishe kwenye flanji kwa nusu saa. Ikisoma ile ile iliyoandikwa, injini yako ni nzima.